Miraba Minne ya Chaki

Ijumaa, 29 Mei

Kwa Mwalimu Miraba, na kwa wote mlioshika ratiba hii mkononi.

Baada ya kufundisha hisabati katika shule hii kwa miaka thelathini na mmoja, Mwalimu Miraba anastaafu rasmi Jumapili hii, tarehe 31 Mei. Jumatatu kengele ya asubuhi italia akiwa nyumbani kwake, anakunywa chai ya moto. Siku za kazi hakuwahi kuipata. Kila kikombe alichomiminiwa katika ofisi ya walimu kilipoa juu ya meza, yeye akiwa mlangoni amezungukwa na wanafunzi.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mpiga chapa wa shule, na mitihani yake mingi imepita mikononi mwangu. Mkuu wa shule aliniambia, "Andika kitu chepesi, mama. Watu wacheke, wale, waende zao." Nimejaribu. Kuna mahali wepesi umekubali, na kuna mahali umekataa.

Alifika hapa akiwa binti mwembamba mwenye sanduku la bati na sauti iliyomzidi umbo. Darasa alilopewa lilikuwa na ubao uliochakaa mpaka chaki ikawa inateleza juu yake kama sabuni. Walimu wenzake walilalamika. Yeye aliwatoa wanafunzi nje, akapiga magoti kwenye saruji ya uwanja wa gwaride, akachora mraba mkubwa na kuugawa sehemu nne. Ubao mpya ulipokuja hatimaye, alikuwa ameshauzoea uwanja. Ndipo jina la Miraba lilipoanzia. Jina lake halisi limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa leo, na sitashangaa mtu akigeuka kumuuliza jirani yake ni la nani.

Somo alilolipenda kuliko yote ni uwezekano. Ukimchagua mtu bila kuangalia, kuna uwezekano gani awe hivi na vile, au awe hivi ama vile? Wanafunzi wengi hulikimbia somo hili. Kwake hawakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu namba zilikuwa wao wenyewe. Aliwasimamisha ndani ya miraba ile, akawahesabu mmoja mmoja kama mtu anayehesabu kuku wake jioni.

Nitawaelezeni somo moja tu. Nalijua vizuri kwa sababu lilifanyika mbele ya dirisha la ofisi yangu, na kwa sababu binti yangu alikuwemo. Mwalimu alimwita Bi Kwanini. Hakuna jibu alilopewa mtoto yule akaliacha lipite bila kuliuliza limetoka wapi.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha na ilikuwa bado inadondoka kidogokidogo. Mwalimu alichora miraba yake chini ya paa la kibaraza. Mstari wa juu ulikuwa wa wanafunzi wa kutwa, wa chini wa bweni. Safu ya kulia waliokuja na mwavuli, ya kushoto wasiokuja nao. Akapiga makofi. "Haya, kila mtu aingie kwake! Hakuna kusimama juu ya mstari, mstari hauna wenyewe!"

Watoto walisukumana wakaingia. Binti yangu akabaki amekanyaga chaki. "Mwalimu, mwavuli wangu umevunjika, unafunguka upande mmoja."

"Unakukinga na mvua?"

"Unakinga sikio moja tu."

Darasa zima likaangua kicheko. "Basi ni mwavuli," akasema Mwalimu. "Ingia, mama, usije ukanyeshewa hilo la pili."

Walipotulia, walikuwa arobaini. Wa kutwa wenye mwavuli tisa, wa kutwa wasio nao sita. Wa bweni wenye mwavuli watatu, na ishirini na wawili hawakuwa na chochote, maana kutoka bwenini hadi darasani hata hulowi. Mwalimu akauliza, akifumba macho na kumvuta mmoja, kuna uwezekano gani awe wa kutwa na pia awe na mwavuli. Hilo lilikuwa jepesi, mraba mmoja tu: tisa kati ya arobaini. Akauliza tena, awe wa kutwa au awe na mwavuli? Kijana mmoja akajumlisha haraka, wa kutwa kumi na tano, wenye mwavuli kumi na wawili, akatoa jibu la ishirini na saba akiwa amejaa raha.

"Hawa tisa umewahesabu kwa kuwa ni wa kutwa," Mwalimu akamwambia. "Ukarudi ukawahesabu tena kwa kuwa wana mwavuli. Kwani kila mmoja ana vichwa viwili?" Wale tisa wakaanza kujipapasa shingo. Kijana akawapunguza mara moja, akabaki na kumi na wanane kati ya arobaini.

Kisha likaja swali lililoliangusha kila darasa, mwaka hadi mwaka. Akasema, "Sasa sijafumba macho yote. Nimeshajua niliyemshika ni wa kutwa. Uwezekano wa kuwa na mwavuli ni upi?" Wote wakapaza sauti, tisa kati ya arobaini. Akaugeukia mstari wa bweni akasema, "Nyinyi wote, darasani, mkajikaushe." Wakaondoka wakikimbia. Pale kibarazani wakabaki kumi na tano. "Hesabuni tena."

Tisa kati ya kumi na tano. Ukishajua mtu amesimama katika mstari gani, aliwaambia, mistari mingine haikuhusu. Iondoe. Usiwaite watu waliokwisha kwenda darasani waje kulipunguza jibu lako.

Bi Kwanini alinyoosha mkono, kama kawaida yake. Akauliza mraba usio na mtu unaachwa wazi au vipi. "Andika sifuri," Mwalimu akamjibu. "Sifuri ni jibu. Kuacha wazi ni uvivu."

Jioni ile mwanangu alimwaga unga mezani kwangu, akachora miraba minne kwa kidole. Mimi nilikuwa punje ya harage, baba yake mahindi, na paka alikuwa kizibo cha chupa. Sikumgombeza kwa ajili ya unga. Leo nafurahi kwamba sikumgombeza.

Yako mengine mengi mepesi ya kusimulia. Mwalimu Miraba aliweka chaki zake katika kopo la biskuti, na kila mwalimu mgeni alilifungua mara moja kwa tamaa, asirudie. Alikuja ofisini kwangu kila kipindi cha mitihani akinichungulia begani ninapopanga majedwali yake, na mistari ikipinda alisema, "Mdogo wangu, jedwali lako limelewa. Lilaze, uanze upya." Alifundisha watoto, kisha watoto wa watoto hao. Daktari wa meno aliyeko mtaa wa pili alisimama katika miraba yake, na fundi aliyejenga maktaba yetu pia. Fundi huyo husema hadi leo huwa anawatenga mafundi wake kwa mistari na safu kabla ya kutafuta nani kaiba misumari. Katika mitihani ya taifa, wanafunzi wake hawakuwahi kuliogopa swali la jedwali. Hayo yote ni kweli, na kama ningeishia hapo mkuu wa shule angefurahi.

Miaka miwili na miezi kadhaa iliyopita barabara iliyo mbele ya geti letu iliwekwa lami mpya. Malori ya kokoto yakagundua kwamba mteremko ule yanaweza kuushuka bila kugusa breki. Mwaka huo walisoma hapa wanafunzi mia sita. Sitini kati yao waliishi ng'ambo ya barabara, wakivuka asubuhi na jioni. Waliobaki, ama walilala bwenini ama waliishi upande huu. Watatu waligongwa. Wa kwanza ni kijana ambaye mpaka leo anachechemea. Wa pili ni msichana ambaye mkono wake wa kushoto haunyooki. Wa tatu alikuwa Bi Kwanini. Alikuwa anakuja shuleni. Mimi nilikuwa nimemtangulia, niko ofisini naweka karatasi kwenye mashine, na kelele nilizisikia kama watu wengine walivyozisikia.

Bodi ya shule iliitisha kikao wiki niliyorudi kazini. Walimu waliomba matuta mbele ya geti. Mwenyekiti wa bodi alisikiliza, akavua miwani, akasema kwa upole, "Tuna watoto mia sita. Waliogongwa ni watatu. Hiyo ni nusu ya asilimia moja. Inauma, lakini uwezekano ni mdogo sana. Tusitishane."

Mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari. Niliandika nusu ya asilimia moja. Mkono wangu uliandika tu.

Mwalimu Miraba alisimama. "Mwenyekiti, umegawanya kwa shule nzima. Hawa wa bweni wanagongwa na nini, na vitanda?" Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Akaendelea bila kupandisha sauti. Wanaovuka ni sitini. Kati ya sitini, watatu. Ni mmoja kwa kila ishirini. Mstari wa wasiovuka una mia tano na arobaini, na katika mraba wao wa waliogongwa imeandikwa sifuri. "Hiyo sifuri ni yao. Msiwagawie wanaovuka, haiwazuii lori."

Nawaomba msome hapa taratibu. Sina hasira na mtu asiyejua hesabu. Hata mimi sikuzijua mpaka nilipozichapa mara nyingi. Hasira yangu ni kwamba walielewa. Niliwaona wakielewa. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, akasema, "Mwalimu ana hoja nzuri," kisha akasema tuendelee na ajenda inayofuata, iliyokuwa rangi ya geti. Wajumbe wote wa bodi waliokaa meza ile waliingia shuleni ndani ya magari, vioo vimepandishwa. Walikuwa wamesimama katika mstari wa sifuri, na kutoka huko waliona hakuna hatari.

Geti limepakwa rangi mara mbili tangu siku hiyo. Kibao cha kuwaonya madereva kilitengenezwa pia, kizuri, chenye picha ya watoto wameshikana mikono. Kwa kuwa eneo la nje ya ukuta lilihitaji kibali, kikasimikwa ndani. Mtu pekee anayekisoma ni anayetoka shuleni.

Mwalimu Miraba hakusubiri kibali. Asubuhi iliyofuata kikao alitoka na rula ndefu ya mbao, ile ya ubaoni, akasimama katikati ya lami na kuinyanyua juu. Malori yalisimama. Madereva walimtukana na kumtania, maana kwao lilikuwa jambo moja. "Mama, unapima barabara?" mmoja alimpigia kelele dirishani. Naye akamjibu, "Napima breki zako, mwanangu! Leo umepata sifuri, kesho jitahidi!" Baada ya wiki chache walianza kupunguza mwendo walipoiona rula tu, na yule wa matusi akawa anamtupia salamu. "Shikamoo, Mama Rula!" Amesimama hapo asubuhi na jioni kwa miaka miwili, na magoti yake mnayajua. Mlinzi wa geti alimletea stuli. Hakuikalia hata siku moja, alisema dereva haogopi mtu aliyekaa.

Kila Jumatatu katika kikao cha walimu, ikifika sehemu ya mengineyo, alinyoosha mkono na kusema neno moja, "Matuta?" Mkuu wa shule alijibu kwamba suala linafanyiwa kazi. Mimi niliandika kwamba linafanyiwa kazi. Baadhi yenu mlianza kucheka kabla hajanyoosha mkono. Mwalimu wa jiografia aliwahi kumwomba, "Dada, leo tusamehe, tuna njaa." Yeye alicheka pamoja nanyi, halafu akauliza vilevile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishindwe kuandika kitu chepesi.

Mwezi uliopita bodi ililijadili ombi la matuta kwa mara ya mwisho na kulifunga. Sababu waliyoitoa, ambayo niliichapa kwa vidole vyangu hivi, ni kwamba kwa miaka miwili hakuna mwanafunzi aliyegongwa, kwa hiyo hatari imekwisha yenyewe.

Yenyewe!

Mwanamke wa miaka sitini amesimama mbele ya malori kwa miaka miwili, jua lake na mvua yake, ili mraba ule uwe na sifuri. Wakaichukua sifuri yake wakaifanya sababu ya kukataa matuta. Nilimpelekea habari hizo kibarazani. Yeye aliokota kipande cha chaki akachora miraba minne sakafuni. Mstari wa juu, siku ambazo mtu amesimama na rula. Wa chini, siku ambazo hakuna mtu. "Mdogo wangu, mstari wa juu umejaa, na ajali hakuna. Huu wa chini una siku moja tu, ile niliyolazwa na homa."

Siku hiyo moja mnaikumbuka. Pikipiki ilipita na begi la mtoto wa kidato cha kwanza, likang'oka mgongoni, na madaftari yakatawanyika barabarani hadi kwenye mfereji. Mtoto alibaki na mikanda miwili mabegani. Tulimshukuru Mungu, tukaokota madaftari, na hakuna aliyeliandika popote, kwa sababu begi si mwanafunzi.

Mwalimu alifuta chaki kwa kiatu. Mstari wa chini utaanza kujaa akistaafu, akasema, na bodi imeshauandikia jibu kabla haujapata siku ya pili. Miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona amekasirika. Siku ile nilimwona. Hasira yake ilikuwa kimya, na ilinitisha kuliko yangu.

Leo atapewa saa ya ukutani na cheti chenye fremu. Mwenyekiti atasema alikuwa mama wa hisabati, na tutapiga makofi. Tupige, anastahili makofi. Lakini kuna watoto hamsini na kitu, sijui idadi yao kamili mwaka huu, watakaofika ukingoni mwa lami Jumatatu wakitafuta rula kwa macho. Hao hawawezi kuvuka kwa makofi.

Rula ameniachia mimi. Jana aliileta ofisini, akaiegemeza kando ya mashine yangu, akasema, "Ishike juu, usiishike kama fimbo. Na usiyatazame magurudumu, watazame madereva machoni." Jumatatu nitasimama pale pale, kabla sijafungua ofisi. Mlinzi amesema atakuwa nami asubuhi. Jioni niko peke yangu, na barabara ina pande mbili. Ninaomba mmoja wenu aje. Ninaomba pia mmoja wenu, mwenye haki ya kuzungumza katika kikao, anyooshe mkono ikifika mengineyo. Mimi kazi yangu pale ni kuandika, siruhusiwi kuchangia. Lakini nitamtazama kila mmoja usoni kabla sijaandika kwamba hakukuwa na mengineyo.

Mwalimu Miraba, ahsante. Ahsante kwa watoto wote uliowafundisha kutomhesabu mtu mara mbili, na kutomficha mtu mmoja ndani ya umati. Ahsante kwa miaka miwili ya kusimama, hasa asubuhi zile nilizokuwa sithubutu kulitazama geti. Nakutakia chai ya moto, magoti yaliyopumzika, na usingizi usiokatizwa na kengele. Ukaishi vizuri, dada, na uishi sana.

Mwisho, wageni wetu. Mwalimu ameomba jambo moja tu katika sherehe yake, na mkuu wa shule amekubali akidhani ni mchezo. Kabla ya chakula mtaongozwa hadi uwanja wa gwaride. Miraba minne imechorwa, aliichora mwenyewe leo asubuhi. Mstari wa juu ni wa wanaovuka barabara kwa miguu kuja hapa, wa chini ni wa wasiovuka. Safu ya kulia ni ya waliogongwa, ya kushoto ni ya wasiogongwa. Kila mtu aingie kwake, wajumbe wa bodi pia. Msisimame juu ya mstari. Tazameni mmesimama na nani, na mraba wenu wa pembeni una nini.

Katika mraba wa juu kulia watasimama watu wawili, kijana anayechechemea na msichana wa mkono. Ikifika zamu ya kuwahesabu, naomba mumkumbuke Bi Kwanini. Hesabuni watatu.